DJANGO REINHARDT: BINGWA WA GITAA ALIYEBAKIWA NA VIDOLE VIWILI

Na Mwanachama wa Kidato cha Tatu

Msomaji mpendwa, kabla hujaendelea na makala haya nakuomba ufanye jambo moja dogo. Nyosha mkono wako wa kushoto. Sasa kunja kidole cha pete na kile cha mwisho mpaka viguse kiganja, uviache hapo hapo. Umebaki na kidole gumba, cha shahada na cha kati. Haya, jaribu kufunga vifungo vya shati lako, au kamba za viatu. Si mchezo, sivyo? Basi fikiria umepewa gitaa la nyuzi sita na kuambiwa upige muziki ambao hata wenye vidole vyote kumi unawatoa jasho.

Kulikuwa na mtu aliyeyafanya hayo maisha yake yote, tena akawashinda wazima. Jina lake ni Django Reinhardt. Herufi D ya mwanzo haitamkwi, kwa hivyo mwite Jango. Wapenzi wa muziki wa jazi humhesabu miongoni mwa wapigaji gitaa wakubwa kabisa waliowahi kuishi, na wapigaji wengi wa roki waliokuja baadaye walikiri kwamba walijifunza kwake. Mwaka huu nimeona nikusimulie habari zake, kwa sababu tangu nizisome sijaacha kuvitazama vidole vyangu mwenyewe na kujiuliza ninavitumia kwa kazi gani.

KUZALIWA NA KULELEWA

Django alizaliwa tarehe 23 Januari 1910 katika kijiji cha Liberchies nchini Ubelgiji. Hakuzaliwa hospitalini wala nyumbani. Alizaliwa ndani ya nyumba ya magurudumu iliyokokotwa na farasi, maana wazazi wake walikuwa Manouche, tawi moja la watu waitwao Waroma. (Tafadhali usiwachanganye na wenyeji wa mji wa Roma!) Waroma wametawanyika kote Ulaya, na kwa karne nyingi wengi wao waliishi kwa kuhamahama huku wakifanya biashara ndogo ndogo, kufuga farasi, kufua vyuma na kupiga muziki. Kila walipopiga kambi, wenye mji waliwatazama kwa jicho baya. Kuku akipotea, wao ndio walioshukiwa. Lakini arusi ikifika, wao ndio walioitwa kuja kupiga fidla. Ama kweli dunia ina vituko.

Baba yake, Jean-Eugène Weiss, alikuwa mwanamuziki, na mama yake, Laurence Reinhardt, alikuwa mcheza dansi. Jina la ukoo alilichukua kwa mama. Inasemekana kwamba Django katika lugha ya Kiroma maana yake ni nimeamka. Miaka miwili baadaye alizaliwa mdogo wake, Joseph. Mshike sana huyu Joseph, msomaji wangu, kwa maana atarudi katika hadithi hii kwa jambo kubwa.

Baada ya kuzunguka huku na huko wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, jamaa hao walipiga kambi pembezoni mwa jiji la Paris, Ufaransa, mahali palipojaa matope na vibanda vya maskini. Huko ndiko Django alikokulia. Shule hakuipata. Alifikia utu uzima bila kujua kusoma wala kuandika, na noti za muziki hakuzijua kamwe. Alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi, jirani alimpa banjo yenye nyuzi sita kama gitaa. Kijana hakuwa na mwalimu. Alichofanya ni kukaa karibu na wapigaji wakubwa na kuvikodolea macho vidole vyao, kisha kurudi nyumbani kuiga mpaka ncha za vidole zikauma.

Haukupita muda, kijana akaanza kazi. Siku hizo kumbi za dansi za Paris zilitawaliwa na kodiani, na kila mpiga kodiani alihitaji mtu wa kumpigia banjo nyuma yake. Django alikuwa na miaka 13 hivi alipoanza kukodiwa kwa kazi hiyo. Hapakuwa na vipaza sauti kama vya siku hizi. Ukumbi umejaa watu, viatu vinagonga sakafu, kodiani inalia, na banjo ni lazima isikike. Ndivyo mkono wake wa kulia ulivyojifunza kupiga nyuzi kwa nguvu, na nguvu hiyo ilimfaa sana baadaye.

Mwaka 1928 aliingia studio kwa mara ya kwanza, akiwa bado msindikizaji wa wapiga kodiani. Kwenye santuri moja jina lake liliandikwa Jiango Renard. Maskini hakuweza kulisoma ili alisahihishe! Lakini sifa zake zilikuwa zimeanza kuvuka mipaka. Jack Hylton, kiongozi wa bendi kubwa ya Uingereza, alimsikia akapendezwa naye, akamtaka ajiunge na bendi yake. Kijana wa miaka 18, mwana wa kambini, anaitwa London! Mambo yalikuwa yameanza kunyooka.

USIKU WA MOTO

Lakini binadamu hupanga na Mungu hupangua. Usiku mmoja mwaka huo huo wa 1928, Django alirudi kutoka kazini akiwa amechoka. Mke wake, Bella, alikuwa akitengeneza maua ya bandia ya kuuza, na nyumba yao ya magurudumu ilikuwa imejaa maua hayo. Yalikuwa yametengenezwa kwa seluloidi, aina ya plastiki ya zamani inayoshika moto upesi kama petroli. Taa yao ilikuwa mshumaa. Mshumaa ukaanguka katika maua.

Kufumba na kufumbua nyumba nzima ilikuwa ndimi za moto. Bella aliponea chupuchupu. Django alijikinga kwa blanketi akapenya katika miali hiyo, akatoka akiwa hai, lakini alikuwa ameungua vibaya mguu wa kulia na mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto ndio unaobana nyuzi za gitaa.

Madaktari walitaka kuukata mguu. Django alikataa katakata. Matibabu na kuuguza vidonda vilichukua karibu mwaka mmoja na nusu. Mguu ulipona, ingawa kwa muda alitembea kwa mkongojo. Mkono ndio uliokuwa na habari mbaya. Mishipa ya kidole cha pete na cha mwisho ilikuwa imekauka na kujikunja, na vidole hivyo viwili havikuweza tena kunyooka na kufanya kazi kama zamani. Kila aliyemwona alijua kwamba uanamuziki wake umekwisha. London ikawa ndoto ya alinacha.

Hapo ndipo Joseph alipoingia. Wakati wengine walimletea mgonjwa pole, mdogo mtu alimletea gitaa.

Hebu tusimame kidogo hapa. Ni rahisi kumhurumia mtu aliyepatwa na msiba, na huruma ni kitu kizuri. Lakini Joseph alifanya zaidi ya kuhurumia. Kumletea gitaa mtu ambaye vidole vyake vimekufa kungeweza kuonekana kama mzaha, au hata ukatili. Yeye aliona kwamba ndugu yake akikaa kitandani bila chombo mkononi, moto ule utakuwa umeunguza zaidi ya vidole. Kwa nini gitaa na si banjo? Sauti yake ni laini na ya chini kuliko ya banjo, ikamfaa mtu wa kufanyia mazoezi kitandani katikati ya wagonjwa.

KUANZA UPYA KAMA MTOTO

Sasa nieleze kwa ufupi alichokifanya Django, maana hapa ndipo penye siri yenyewe. Mpigaji wa kawaida huvipanga vidole vyake vinne juu ya shingo ya gitaa kama watu wanne walioketi kwenye benchi. Kila kidole kina nafasi yake, na mkono hauhitaji kutembea sana. Django alibakiwa na watu wawili kwenye benchi la watu wanne. Dawa ikawa ni moja tu: hao wawili wakimbie.

Badala ya kupiga kwa kukata nyuzi kutoka juu kwenda chini mahali pamoja, alijifunza kuteleza kando ya uzi mmoja, mkono ukipanda na kushuka kwenye shingo ya gitaa, kidole cha shahada na cha kati vikipokezana kama miguu ya mkimbiaji. Pale ilipobidi kubana nyuzi kadhaa kwa pamoja, alitafuta namna za kutumia nyuzi tatu tu. Kidole gumba alikipitisha juu ya shingo kikabana nyuzi nene. Na vile vidole viwili vilivyojikunja hakuvitupa. Alivitegesha kama ndoano kwenye nyuzi nyembamba za chini pale vilipofika. Hakuna kitabu kilichomfundisha mambo haya. Alikuwa akiyabuni mwenyewe, siku baada ya siku.

Matokeo yake yaliwashangaza watu wote. Muziki wake haukuwa ule wa zamani uliopunguzwa. Ulikuwa muziki mpya. Kule kukimbia kwa vidole viwili kulileta mlio ambao mtu mwenye vidole vinne hakuwa na sababu ya kuutafuta. Hadi leo wako wapigaji wenye mikono mizima wanaojaribu kutumia vidole viwili ili tu wapate mlio wa Django.

SANTURI ZA TOULON

Mnamo 1931 Django na Joseph walikuwa kusini mwa Ufaransa, katika mji wa bandari wa Toulon, wakipiga gitaa mikahawani na kupitisha kofia wapate chochote. Mchoraji mmoja aitwaye Émile Savitry akawasikia, akawakaribisha kwake na kuwachezea santuri kutoka Marekani. Zilikuwemo za Louis Armstrong, yule mpiga tarumbeta Mweusi wa New Orleans, za Duke Ellington, na za Eddie Lang, aliyekuwa mpigaji gitaa wa kukodiwa katika studio za New York.

Inasimuliwa kwamba Django aliposikia tarumbeta ya Armstrong alishika kichwa akalia machozi. Yeye alilelewa katika muziki wa Waroma na dansi za kodiani. Kumbe ng'ambo ya bahari walikuwepo watu wengine waliodharauliwa, nao walikuwa wamebuni muziki ambao mpigaji anaruhusiwa kutunga papo hapo anapopiga! Tangu siku hiyo njia yake ilijulikana.

Nakuomba uhesabu, msomaji. Mtu wa kwanza alileta gitaa, wa pili akaleta santuri. Mtu akifaulu tunasema amejitahidi, na ni kweli, lakini mkono mmoja haulei mwana.

BENDI ILIYOZALIWA NA CHAMA

Mnamo 1934 Django alikuwa katika bendi ya Louis Vola iliyopiga muziki wa kuburudisha wageni katika hoteli ya Claridge jijini Paris. Ulikuwa muziki mpole wa kunywea chai. Katika bendi hiyo alikuwemo mpiga fidla aitwaye Stéphane Grappelli. Siku moja, nyuma ya jukwaa, Grappelli alikuwa akifunga uzi mpya kwenye fidla yake huku akijaribu vipande vya jazi. Django akamfuata kwa gitaa. Wakacheka, wakaendelea. Kesho yake wakarudia. Joseph na mpigaji mwingine, Roger Chaput, wakaongezeka na magitaa ya ridhim, na Vola mwenyewe akashika besi kubwa ya kusimama.

Kuna kisa cha kuchekesha hapa. Inasemekana kwamba mwanzoni lilikuwepo gitaa moja tu la ridhim. Django akanung'unika kwamba Grappelli anapopiga solo nyuma yake kuna magitaa mawili, lakini zamu yake ikifika anabakiwa na moja tu. Haki iko wapi? Ndiyo sababu likaongezwa gitaa la tatu.

Wakati huo Paris ilikuwa na chama cha vijana wapenda jazi kilichoitwa Hot Club de France. Walioanza mambo hayo walikuwa vijana, baadhi yao wanafunzi, wasiokuwa na mali wala vyeo. Walichokuwa nacho ni mapenzi ya kitu kimoja na mazoea ya kukutana. Pierre Nourry na Charles Delaunay wa chama hicho waliwaandalia wanamuziki hawa tamasha na kuwasaidia kuingia studio, na mwezi Desemba 1934 bendi ilijulikana rasmi kama Quintette du Hot Club de France, yaani watano wa chama hicho. Magitaa matatu, fidla moja na besi moja. Hapakuwa na ngoma wala tarumbeta. Kabla ya hapo jazi bila tarumbeta ilikuwa kama ugali bila mboga. Hawa watano waliipika kwa nyuzi tupu, na Ulaya nzima ikaja mezani.

Wanachama wenzangu wa Kiswahili, mnaokuja mikutanoni mmechelewa mkidhani chama ni mahali pa kupitishia saa za jioni, nawaomba mlitafakari jambo hili. Chama cha vijana ndicho kilichoutoa muziki huo nyuma ya jukwaa kikauweka mbele ya dunia.

MPIGAJI ALIYEHITAJIWA NA KILA STUDIO

Pamoja na bendi yake, Django aliendelea na kazi ile aliyoianza utotoni, kazi ya kuwapigia wengine. Mwimbaji mashuhuri Jean Sablon alimtumia kumsindikiza katika santuri zake. Wamarekani wakubwa wa jazi waliopitia Paris walimtafuta yeye. Mnamo Aprili 1937 Coleman Hawkins na Benny Carter, mabingwa wa saksafoni, walirekodi pamoja naye, na santuri yao ikawa ya kwanza kutolewa na kampuni ya Swing iliyosimamiwa na Delaunay. Mwaka huo huo mpiga fidla Mmarekani Eddie South na Grappelli walirekodi kipande cha Bach, mtungaji wa Kijerumani wa karne ya 18, na msindikizaji wao alikuwa Django peke yake. Mtu asiyejua noti hata moja alimsindikiza Bach!

Kazi ya kusindikiza ina adabu yake. Anayesindikiza hapaswi kumfunika mwenye wimbo. Anatakiwa ajue lini anyamaze, lini asukume, lini aongeze chumvi. Django alikuwa na sikio kali sana, na wimbo aliosikia mara moja au mbili aliweza kuushika. Ndiyo maana studio zilimvumilia hata aliposumbua.

Na alisumbua kweli kweli, sitaki kumpaka asali. Django hakuwa malaika. Saa kwake ilikuwa pambo. Alipenda kamari na mchezo wa biliadi, na pesa ziliingia kwa mkono mmoja zikatoka kwa mwingine. Kuna siku watu walilipa kiingilio, ukumbi ukajaa, naye yuko mtoni anavua samaki au amelala. Grappelli alihangaika kumtafuta na kumbembeleza. Ni Grappelli huyo huyo aliyemfundisha kuandika kidogo ili aweze angalau kutia sahihi jina lake.

MIAKA YA VITA

Mwezi Septemba 1939 bendi ilikuwa ziarani Uingereza Vita Vikuu vya Pili vilipotangazwa. Django alirudi Ufaransa mbio mbio. Grappelli alibaki London. Marafiki hao hawakuonana tena mpaka vita vilipokwisha.

Mwaka 1940 majeshi ya Ujerumani yaliiteka Paris. Sasa tazama hatari iliyokuwepo. Manazi waliwachukia Waroma kama walivyowachukia Wayahudi. Waliwakusanya katika kambi na kuwaua, na wataalamu wa historia wanakadiria kwamba Waroma wasiopungua 250,000 waliuawa kote Ulaya, na huenda idadi ilifika nusu milioni. Jazi nayo Manazi waliiita uchafu kwa kuwa asili yake ni watu Weusi. Django alikuwa Mroma na tena mpiga jazi. Kwa hesabu ya Manazi alikuwa na makosa mawili kwa wakati mmoja.

Lakini ajabu ni kwamba miaka hiyo ndiyo aliyopata umaarufu mkubwa kuliko yote nchini Ufaransa. Aliunda bendi mpya na Hubert Rostaing akipiga klarineti mahali pa fidla, na mwaka 1940 akarekodi utungo wake uitwao Nuages, maana yake Mawingu. Wafaransa waliokuwa wamenyang'anywa nchi yao waliupenda kama wimbo wao wenyewe. Na maofisa wa Kijerumani waliokuja Paris kustarehe walijaa kumsikiliza mtu yule yule ambaye serikali yao ilitaka afe. Unafiki ulioje!

Django alijua kwamba kupendwa na wauaji si kinga. Mnamo 1943 alijaribu kutorokea nchi ya Uswisi pamoja na Naguine, mwanamke aliyemwoa mwaka huo. Alikamatwa na kutiwa ndani. Bahati yake ofisa wa Kijerumani aliyekuwa na mamlaka juu yake alikuwa mpenzi wa jazi, akamwachilia. Akajaribu tena. Safari hii walinzi wa mpakani wa Uswisi walimrudisha alikotoka. Akarudi Paris kupiga gitaa na kusubiri. Alipona kwa sababu vidole vyake viwili vilijulikana. Maelfu kwa maelfu ya ndugu zake, waliokuwa na vidole vyote kumi, hawakuwa na jina la kuwakinga. Hilo nadhani tusilisahau tunaposhangilia bahati yake.

SAFARI YA MAREKANI

Vita vilipokwisha, ndoto ya zamani ilitimia. Mwishoni mwa mwaka 1946 Duke Ellington, ambaye santuri zake Django alizisikia Toulon akiwa bado anapitisha kofia, alimwalika kufanya ziara na bendi yake nchini Marekani. Django alipanda chombo bila hata kubeba gitaa lake. Alidhani kampuni za magitaa za Marekani zingepigana vikumbo kumpa zao bure. Wapi! Ilibidi atafutiwe gitaa la umeme, na mlio wake haukuwa ule aliouzoea.

Mwezi Novemba bendi ilipiga usiku mara mbili katika ukumbi wa Carnegie, New York. Usiku wa kwanza alishangiliwa sana. Usiku wa pili alifika amechelewa mno, tamasha likielekea ukingoni. Inasimuliwa kwamba alikuwa amekutana na bondia Mfaransa Marcel Cerdan na mazungumzo yakanoga. Magazeti hayakumwonea huruma. Mapema mwaka 1947 alirudi Ufaransa moyo ukiwa mzito. Nafasi ya pekee ilikuja, naye akaipokea kwa mazoea ya zamani. Ndugu zangu tunaochelewa gwaride, hapa pia pana somo.

MIAKA YA MWISHO

Baada ya hapo kuna wakati alilitupa gitaa kando akashika burashi ya kuchora picha. Lakini hakuwa amekwisha. Mapema mwaka 1949 yeye na Grappelli walirekodi zaidi ya nyimbo 60 huko Roma, Italia. Mwaka 1951 alihamia Samois-sur-Seine, kijiji kidogo kando ya mto Seine, alikoweza kuvua samaki apendavyo. Mara kwa mara alikwenda Paris kupiga gitaa la umeme pamoja na vijana wa jazi mpya ya kasi iitwayo bibapu. Badala ya kuwaambia vijana kwamba muziki wa zamani ulikuwa bora, alikaa nao akajifunza.

Tarehe 16 Mei 1953 Django alikuwa akirejea nyumbani kwa miguu kutoka kituo cha gari la moshi baada ya kupiga muziki Paris. Alipofika kijijini alianguka. Mshipa ulikuwa umepasuka katika ubongo. Ilikuwa Jumamosi, na daktari alichelewa sana kupatikana. Alikufa siku hiyo hiyo akiwa na umri wa miaka 43 tu. Alizikwa Samois, na tangu mwaka 1968 matamasha ya kumkumbuka yamekuwa yakifanyika katika eneo hilo.

Aliacha tungo karibu 100. Kwa kuwa hakujua noti, nyingine zilibaki kwa kuwa zilirekodiwa, na nyingine ziliandikwa na rafiki yake mpiga klarineti, Gérard Lévêque, Django akimpigia kwenye gitaa sehemu moja moja. Ni mangapi yaliyopotea kwa kukosa kuandikwa? Mimi sitaki mtu atumie maisha yake kama kisingizio cha kutoroka madarasa. Django alifika mbali bila kalamu, lakini ukosefu wa kalamu ulimgharimu kila siku.

SANTURI YA BIRMINGHAM

Nimalizie na kisa kimoja kilichotokea miaka 12 hivi baada ya kifo chake. Katika mji wa Birmingham, Uingereza, kijana wa miaka 17 aitwaye Tony Iommi alikuwa katika siku yake ya mwisho ya kazi kiwandani. Alikuwa anaacha kazi ili awe mpigaji gitaa. Mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, nao ndio mkono wake wa kubania nyuzi, kwa kuwa yeye hutumia shoto. Akakata tamaa kabisa. Msimamizi wake wa kiwandani akamtembelea na kumletea santuri. Kijana hakutaka kusikia muziki wowote, lakini mzee akamshurutisha asikilize. Alipokwisha kuusikiliza akaambiwa kwamba yule mpigaji anatumia vidole viwili.

Iommi aliyeyusha plastiki ya chupa ya sabuni, akajitengenezea vifuniko vya ncha za vidole, akafunga nyuzi nyepesi zisizohitaji kubanwa kwa nguvu, akaanza upya. Bendi yake, Black Sabbath, ilitoa santuri yake ya kwanza mwaka 1970, na mlio wake mzito ukazaa aina nzima ya muziki wa roki.

Unaona mambo yalivyozunguka, msomaji? Joseph alimpelekea Django gitaa kitandani. Savitry alimchezea santuri Toulon. Miaka mingi baadaye msimamizi wa kiwanda, ambaye hakuwa mwanamuziki maarufu, alimpelekea kijana mwingine santuri ya Django mwenyewe. Hakuna hata mmoja wa hao watatu aliyeweza kurudisha vidole vilivyopotea. Walileta walichokuwa nacho.

Wanafunzi wenzangu, si kila mmoja wetu atakuwa Django. Wengine tutaanguka mitihani, wengine watakosa karo, wengine wamekwisha kupoteza mzazi au kiungo. Likikupata jambo kama hilo, hesabu vilivyobaki, ukae navyo chini uvifundishe kukimbia. Lakini likimpata mwenzako wa dawati, usimpelekee pole peke yake. Mpelekee na gitaa.